Rezo imekata wapi? Historia ya modemu ndogo na funguo zake mbili

Kuna swali ambalo kila mmoja wetu ameshaliuliza: "Rezo imekata, nifanye nini?" Leo tunalijibu kwa kurudi nyuma katika historia. Mtu anayejua njia ambayo mawasiliano yalipitia mpaka kumfikia, anajua pia njia hiyo hukatika wapi.

Kwa wale wasiotufahamu, Minova ni senta iliyo kando ya Ziwa Kivu, katika teritware ya Kalehe, mahali Kivu ya Kusini inapokutana na Kivu ya Kaskazini. Barabara ya Goma kwenda Bukavu inapita kwetu. Kunako mwezi wa Februari 2024, mapigano yalipofika kandokando ya Sake, barabara hiyo ilifungwa na watu wakabaki na njia ya ziwa. Januari 2025 vita ikafika Minova kwenyewe, kisha Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Katika nyakati kama hizo mzazi aliyepotezana na mtoto wake anatafuta mambo mawili: maji ya kunywa na rezo. Ndiyo sababu historia hii si ya mafundi peke yao.

Enzi ya foni

Kabla ya simu za mkononi, aliyetaka kumjulisha ndugu yake wa Bukavu aliandika barua na kumkabidhi dereva au msafiri wa boti. Kama habari ilikuwa ya haraka, kifo au ugonjwa, alitafuta mahali penye foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa parokiani, hospitalini au kwa mfanyabiashara mkubwa. Alisema maneno yake kwa sauti, na kila mwenye foni kwenye wimbi lile alimsikia. Siri haikuwepo. Hata hivyo foni ilikuwa na nguvu moja: haikuhitaji antena ya kampuni yoyote katikati. Betri ya gari, waya uliofungwa juu ya miti, na mtu wa upande wa pili anayekungoja saa mliyopatana.

Mwaka wa 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka na kuingia Kivu. Familia zilitawanyika pande zote. Mwezi wa Agosti mwaka huo, hapo Bukavu, ilianza kazi Radio Agatashya iliyowahudumia wakimbizi na wakaaji wa eneo hili, mpaka vita vya Oktoba 1996 vilipoizima. BBC nayo ilianzisha mwaka wa 1994 matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, maana yake "inayounganisha familia". Na watu wa Msalaba Mwekundu walibeba karatasi za ujumbe zisizofungwa, zenye habari za familia tu: nani yuko hai, yuko wapi, anamtafuta nani.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba karatasi ile ilichukua majuma mengi kufika. Lakini ilifika, kwa sababu kila aliyeishika alijua afanye nini nayo.

Simu ya wakubwa, kisha simu ya wote

Simu ya mkononi ilifika nchini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya mwisho ya 1980 kampuni ya Telecel ilianza huko Kinshasa. Kifaa kimoja kiligharimu maelfu ya dola, basi kilibaki mikononi mwa mawaziri, wakubwa wa jeshi na matajiri. Mkulima wa mihogo wa Minova hakuwa katika hesabu.

Mambo yalibadilika Celtel ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka wa 2000, na Vodacom mwaka wa 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita. Minara ilianza kupanda juu ya vilima. Mwenye duka akauza yunite, mwenye jenereta akachaji simu za jirani kwa franka chache, na SMS ikachukua kazi ya ile karatasi ya Msalaba Mwekundu.

Intaneti yenyewe ilikuwa bado ya ofisi. Shirika kubwa liliweka sahani ya satelaiti juu ya paa na kulipa kila mwezi pesa nyingi za dola. Raia wa kawaida alikwenda Goma au Bukavu, akaketi katika siba, akalipa kwa dakika, na mara nyingi muda wake uliisha kabla barua pepe haijafunguka.

Modemu ni mkalimani

Neno modemu limetokana na maneno mawili ya kifundi yaliyounganishwa, yenye maana ya kugeuza na kugeua. Kompyuta inazungumza kwa sifuri na moja. Waya wa simu na mawimbi ya hewani hubeba mtetemo. Modemu hukaa katikati kama mkalimani, akisikia upande huu na kutafsiri upande ule.

Mwaka wa 1981 kampuni ya Dennis Hayes huko Marekani ilitoa modemu iliyopokea amri kwa herufi za kawaida. Kila amri ilianza na AT, yaani "sikiliza". ATZ ilimaanisha "rudi kwenye hali ya mwanzo", na ATD ilimaanisha "piga namba". Watengenezaji wengine waliiga lugha hiyo, na miaka mingi baadaye, modemu ndogo ya USB iliyouzwa sokoni Goma bado ilielewa amri zile zile za AT. Ndani ya kile kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole mlikuwa na simu nzima isiyo na kioo wala kipaza sauti: fasi ya kadi ya SIM, antena, na mkalimani.

Huawei ya China ilitoa modemu yake E220 kunako mwaka wa 2006, na nyingine ndogo zaidi zikafuata. Hapa Kongo zilipata nguvu hasa kuanzia mwaka wa 2012, kampuni za simu zilipofungua 3G. Walioishi mbali na miji walibaki na 2G, iliyo ya polepole, lakini modemu ilijua kuzitumia zote mbili.

Kwetu sisi watu wa redio hilo lilibadilisha kazi. Fanya hesabu nami. Ripoti ya sauti ya dakika 3, ikirekodiwa bila kubanwa kwa ubora wa CD, ina uzito wa megabaiti karibu 32. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, inashuka hadi megabaiti 1.4 hivi. Kwenye njia inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, faili ya kwanza inahitaji zaidi ya dakika 40. Ya pili inapita kwa dakika 2 tu. Mtu aliye na kompyuta, modemu na ujuzi huo mdogo aliweza kutuma sauti ya mkimbizi mpaka Bukavu kabla ya habari za jioni, hata barabara ikiwa imefungwa.

Mfumo usio na mwenyewe

Kompyuta nyingi zilizotufikia zilikuwa za zamani, zimeshatumika Ulaya au Dubai. Zilikuwa na Windows ya kunakiliwa, zimejaa virusi vilivyosafiri kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine. Na mara modemu ilipounganishwa, Windows ilianza kujisasisha yenyewe kimyakimya. Mega za dola tano zilikwisha kabla mwenyewe hajafungua barua.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi wetu walipogeukia Linux. Huu ni mfumo wa kompyuta wa ukoo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka wa 1969. Unix ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika upya kiini cha mfumo unaofanana nao, akauweka wazi ili kila mtu ausome, autumie na aurekebishe. Mwezi wa Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alitoa toleo lililopewa jina la Ubuntu, neno ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa bila mkalimani: utu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, mtu aliweza kuomba CD ya Ubuntu ikatumwa kwa posta bila malipo. Ilinakiliwa, ikapitishwa mkono kwa mkono, na hakuna aliyeitwa mwizi kwa kuinakili.

Linux ilifufua kompyuta zilizochoka. Virusi vya flashi havikuisumbua, na haikusasisha kitu kabla ya kuulizwa. Ilibaki shida moja: modemu.

Modemu iliyojifanya CD

Modemu hizo zilitengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Windows. Ili asihangaike kutafuta CD ya programu, watengenezaji waliiweka programu ndani ya modemu. Kwa hiyo ulipoichomeka mara ya kwanza, haikusema "mimi ni modemu". Ilisema "mimi ni CD". Windows ilisoma ile CD, ikaweka programu, na programu hiyo ikatuma ujumbe mfupi wa siri: "badilika sasa". Hapo tu ndipo modemu ilipojionyesha.

Kwenye Linux hapakuwa na wa kutuma ujumbe ule. Ulichomeka, taa ikawaka, na kompyuta ikakuonyesha CD yenye mafaili ya Windows, basi. Wengi walifikiri modemu imekufa au Linux haifai. Karatasi ya kampuni haikueleza kitu, na muuzaji naye hakujua.

Ufumbuzi ulitoka kwa watumiaji wenyewe. Watu wa nchi mbalimbali walikaa kando ya Windows wakirekodi kile inachoambia modemu, herufi kwa herufi, mpaka wakauona ule ujumbe. Mjerumani Josua Dietze aliandika programu iitwayo usb_modeswitch, yenye kazi moja tu: kuutuma ujumbe huo kutoka Linux. Kila aliyekuwa na modemu ya aina mpya alichunguza yake na kuongeza habari zake kwenye orodha, na orodha hiyo ikawa ya wote. Baadaye programu hiyo iliingizwa ndani ya Ubuntu na mifumo mingine, na kazi iliyochukua siku nzima ikawa ya sekunde chache.

Nia ya kutufungia sisi watu wa Minova haikuwepo. Hatukufikiriwa tu. Mlango ukafunguliwa na watu ambao hawakutujua, kwa sababu walichokigundua hawakukificha.

Hatua kwa hatua

Kwa vijana wenye kompyuta ya Linux na modemu ya zamani, kazi inakwenda hivi. Kwanza ondoa neno la siri la kadi ya SIM kwa kuiweka kwenye simu, na hakikisha ina mega. Chomeka modemu, fungua terminali, andika lsusb. Utaona orodha ya vifaa; modemu ya Huawei inaanza na 12d1, ya ZTE na 19d2. Namba inayofuata ndiyo inayoonyesha hali yake. Ukiandika lsusb tena baada ya nusu dakika ukakuta namba hiyo imebadilika, modemu imeacha kujifanya CD. Isipobadilika, huenda usb_modeswitch haimo ndani ya mfumo, na unaweza kuileta kwa flashi kutoka kompyuta nyingine.

Ikishabadilika, kiini cha Linux kinaipa modemu milango yenye majina kama ttyUSB0 na ttyUSB1. Kwenye Linux za miaka ya karibuni, ModemManager na NetworkManager vinaiona vyenyewe: unachagua nchi, kampuni na jina la lango la intaneti la kampuni hiyo, linaloitwa APN, na unaunganika. Kwenye kompyuta ya zamani sana mafundi walitumia wvdial. Katika faili yake waliandika ATZ, kisha amri ya kutaja APN, kisha namba ya kupiga, *99#. Namba hiyo haimpigii mtu. Inaiambia rezo, "nifungulie intaneti". Kutoka hapo programu ya pppd inapatana na kampuni anwani ya kompyuta yako.

Modemu zilizokuja baadaye hazikuhitaji yote hayo. Zinajitambulisha kama kadi ya rezo, na unazirekebisha kwa kuandika 192.168.8.1 mahali pa anwani katika kivinjari. Na leo, simu yoyote ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na Linux inaitambua mara moja.

Ufunguo wa pili

Mpaka hapa nimezungumza juu ya ufunguo ulio mikononi mwetu: kifaa, mfumo, na ujuzi. Upo ufunguo mwingine, na huo hatuushiki sisi.

Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serkali ilikata SMS nchini kote kwa zaidi ya wiki tatu. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, ikakata intaneti na SMS. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilizimwa tena, na haikurudi ila baada ya siku 20 hivi. Katika siku hizo modemu bora kuliko zote, kwenye Linux iliyopangwa na fundi bora kuliko wote, ilikuwa plastiki tu. Ni vivyo hivyo mnara unapokosa mafuta ya jenereta, au fundi wa mnara anaposhindwa kupita kwa sababu ya vita.

Ndiyo maana ni muhimu kujua ni ufunguo upi uliokwama. Taa ya modemu nyingi za Huawei inakusaidia. Ikimetameta kijani mara mbili mbili, ina umeme lakini bado haijapata rezo: tatizo ni mnara, kadi, au mahali uliposimama. Ikimetameta kijani mara moja moja, imeipata 2G. Bluu, imeipata 3G. Ikiwaka bila kumetameta, imeunganika, na kama ukurasa haufunguki, angalia mega zako au kompyuta yako. Kwenye simu jiulize vivyo hivyo: naona alama ya rezo? Naweza kupiga simu? SMS inapita? Kama sauti inapita na intaneti haipiti, usizime na kuwasha simu mara kumi ukimaliza betri. Tuma SMS.

Jambo hili lina uzito kwa familia iliyotawanyika. Rezo ikikatika, uvumi huanza: "Wamekufa wote, simu hazipatikani." Simu isiyopatikana mara nyingi ina maana ya mnara uliozimika au betri iliyokwisha. Aliyejua hivyo hatakimbia usiku na watoto kwa sababu ya simu isiyoita. Atasubiri, atauliza mtu mwingine wa eneo lile mwenye kadi ya kampuni nyingine, atasikiliza redio.

Basi tunawaomba mambo matatu. La kwanza, andikeni namba za jamaa kwenye karatasi na mwaweke watoto wazikariri, kwa kuwa simu huibiwa na kadi hupotea njiani. La pili, pataneni mapema, kama watu wa foni walivyofanya: saa gani tutawasha simu, na kama haipiti, tutaacha ujumbe kwa nani. La tatu ni kwa vijana wanaojua mashine, wakaaji wa hapa na waliofika hapa kwa kukimbia: fundisheni wengine wawili. Modemu za zamani zimelala kwenye masanduku, na kompyuta zilizochoka pia. Shule au redio ndogo inaweza kufanya kazi nazo.

Waliofungua ile modemu iliyojifanya CD waliandika walichokiona, wakakipitisha kwa mwingine. Aliyekipokea Goma alimpa wa Sake, na wa Sake akampa wa Minova, kwa flashi, kwa daftari, kwa mdomo. Ufunguo wa pili hatujaupata. Wa kwanza tunao, na haupungui ukigawanywa.